Presha Inayokuja na Kuondoka

Mdogo wangu wa Gerezani, Dar, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mumeo yuko dukani na spea zake, kijana wa miaka 34, ghafla kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, jasho linamtiririka kama kamwagiwa ndoo, uso unapauka. Baada ya dakika chache ni mzima, anamchagulia mteja beringi. Jana mdomo ukaenda upande na mkono ukalegea, kisha vikarudi. Majirani wanasema jini, mama mkwe anataka mganga.

Nianze na mdomo. Ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, ni hospitali papo hapo, hata kama vimerudi. Kiharusi cha kupita kinaweza kurudi na kukaa. Mnazi Mmoja ni jirani zenu, Muhimbili nako si mbali. Mpeleke leo. Dua msomeeni njiani.

Mkifika, msiishie kwenye mdomo. Mwelezeni daktari na hayo ya kichwa, jasho na mapigo kuja kwa pamoja. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Mara chache huota uvimbe, feokromositoma, unaomwaga adrenalini kwenye damu. Presha inaruka, na mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka. Ni ugonjwa adimu kweli, na presha yake huja na kuondoka, ndiyo maana mtu hupimwa siku ametulia, presha iko sawa, akaambiwa ana mawazo ya madeni.

Hupimwa kwa damu au mkojo wa saa 24, kisha CT scan ya tumbo. Mara nyingi si saratani, na hutolewa kwa upasuaji. Wenzetu wa Uswisi na Marekani waliuweza tangu 1926. Ila mgonjwa huandaliwa kwanza kwa dawa maalumu, maana uvimbe ukiguswa hivihivi presha inaweza kumuua mezani.

Na hizo propranololi, dawa za presha unazotaka kuazima kwa jirani, koma! Kwa uvimbe huu, zikitangulia peke yake zinaweza kuipandisha presha badala ya kuishusha.

Andika kila shambulio: saa ngapi, presha ngapi, alikuwa anafanya nini, maana hata kuinama kubeba mzigo huweza kulianzisha. Halafu kaa na mama mkwe, umuulize kwa adabu kama kuna ndugu waliosumbuliwa na presha au kufa ghafla wakiwa vijana. Uvimbe huu wakati mwingine hurithiwa, na daktari atataka kujua.