Somo kwa Wajumbe wa Matawi: Ukipata Jibu Usilolitazamia



Kazi moja kubwa ya mjumbe wa chama, awe kiwandani au shambani, ni kuuliza. Mashine imemkata mwenzetu vidole: mjumbe huuliza. Mfanyakazi ameandikiwa barua ya kufukuzwa: mjumbe huuliza. Akina mama wa palizi wanaumwa kichwa baada ya dawa kupulizwa: mjumbe huuliza. Wajumbe wengi wanajua kuandaa maswali. Tabu huanza pale anayeulizwa anapotoa jibu ambalo halikutazamiwa. Hapo wako wajumbe wanaokasirika, wako wanaobishana, na wako wanaoliruka jibu lile na kukimbilia swali la pili. Somo letu la leo linahusu dakika hiyo, kwa sababu mara nyingi ukweli wenyewe umo ndani yake.

TUKIO LA LATHROP

Tuanze na tukio la kweli. Mwaka 1977, katika mji wa Lathrop, jimbo la California, Marekani, kampuni ya Occidental ilikuwa na kiwanda cha dawa za kilimo. Moja ya dawa zilizoshughulikiwa hapo ni DBCP, ambayo kazi yake ni kuua minyoo midogo inayoshambulia mizizi ya mimea.

Mtu anayechunguza afya katika kiwanda kama hicho huwa na maswali yake ya kawaida. Je, unakohoa? Ngozi inakuwasha? Macho yanauma? Kwa maswali hayo peke yake, asingegundua lililokuwa likitendeka. Wafanyakazi wenyewe, walipozungumza wao kwa wao, ndio waliotambua jambo la ajabu: wanaume wengi wa idara ile walikuwa hawapati watoto. Hilo ni jambo ambalo mwanamume hulificha. Hudhani ni msiba wa nyumbani kwake tu, au humlaumu mkewe.

Chama chao kilifuatilia, na madaktari wakawapima. Kati ya wanaume 25 ambao hawakuwa wamefungwa uzazi, 14 walikutwa hawana mbegu za kiume kabisa au wanazo chache mno. Ilionekana pia kwamba madhara yalikwenda pamoja na muda ambao mtu alifanya kazi na dawa hiyo. Madhara mengine makubwa hayakuonekana. Maana yake, mtu huyo angeweza kujibu kila swali la kawaida kwa kusema, "Mimi mzima," na asiwe anadanganya.

Kulikuwa na dalili tangu zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ulikwisha onyesha kwamba dawa hii hunyausha korodani za panya. Lakini ilipita miaka 16 kabla jambo hilo halijaibuka kiwandani, na walioliibua ni wafanyakazi. Mwaka huohuo wa 1977 serikali ya Marekani iliweka masharti ya dharura juu ya DBCP makazini, na mwaka 1979 sehemu kubwa ya matumizi yake mashambani nchini humo ilisimamishwa. Baadaye maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi wa nchi kama Costa Rica, Honduras, Nicaragua na Ufilipino walikwenda mahakamani wakidai fidia kwa sababu ya dawa hiyohiyo.

Sasa tujiulize. Ingekuwaje kama mwanamume mmoja angesema, "Mimi sikohoi, ila sipati mtoto," na mwulizaji akamjibu, "Hayo ni mambo ya nyumbani kwako, sisi tunauliza habari za kikohozi"? Mlango ungefungwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayefanya kazi pale ndiye ajuaye, hata kama anachokijua hakimo katika karatasi ya maswali.

AINA NNE ZA MAJIBU

1. Jibu linaloleta jambo jipya. Hili ndilo la Lathrop. Umeuliza habari ya glavu, mwenzako anakuambia habari ya maji ya kunywa. Usimkatize. Mwache amalize, kisha mwulize, "Hebu nieleze zaidi. Lilianza lini? Nani mwingine limempata?" Swali lako la kwanza litarudi baadaye, halina haraka.

2. Jibu linaloonekana kutuumiza. Tuseme unamtetea mfanyakazi aliyetuhumiwa kuiba magunia. Unamwuliza shahidi wake, naye anasema, "Ndiyo, nilimwona akiyabeba." Usimkemee, wala usimwambie aseme vingine. Kumfundisha shahidi uongo ni kumchimbia shimo yule unayemtetea, maana uongo ukijulikana hata ukweli wake hautasadikiwa. Uliza polepole: "Aliyabeba saa ngapi? Aliyapeleka wapi? Nani alimtuma?" Huenda ukasikia kwamba nyapara mwenyewe ndiye aliyemwagiza ayahamishe. Huenda pia ukasikia kwamba kweli aliiba. Hata hivyo ni afadhali ulijue leo tawini kuliko kulisikia kesho mbele ya meneja. Bado utakuwa na kazi ya kusimamia haki yake ya kusikilizwa na adhabu isiyozidi kosa.

3. Jibu linalopingana na lile la mwanzo. Jana alisema mashine ilikuwa na kinga, leo anasema haikuwa nayo. Usiseme, "Wewe mwongo!" Sema, "Jana nilikuelewa hivi, leo nakusikia hivi. Nisaidie nielewe." Mtu huweza kubadili maneno kwa kuwa amekumbuka vizuri, au kwa kuwa jana swali halikueleweka, au kwa kuwa jana usiku kuna mtu alimtembelea akamtisha. Kila sababu ina dawa yake. Andika majibu yote mawili, pamoja na tarehe zake.

4. Kimya, au "Sijui". Hili nalo ni jibu. Tazama mahali mlipo. Je, karani yupo karibu? Mmesimama chini ya dirisha la ofisi? Mama anayeulizwa mambo ya mwili wake anaulizwa na kijana mwanamume? Badilisheni mahali, saa, au mwulizaji. Asiyesema mbele ya watu huenda akasema akiwa na dada yake mmoja wanayeaminiana. Asipotaka kabisa, muheshimu. Hatumlazimishi mfanyakazi mwenzetu. Hiyo ni kazi ya wengine.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, nyamaza kidogo. Ukipata jibu la ajabu, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kufungua kinywa. Uso wako pia usiseme kitu. Ukishtuka, naye ataogopa. Ukifurahi sana, ataongeza chumvi.

Pili, andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "dawa ilininukia kama vitunguu," usiandike "alivuta hewa yenye sumu." Maneno yako ni maoni, maneno yake ni ushahidi. Mwisho msomee ulichoandika, naye asahihishe.

Tatu, usimtilie maneno kinywani. "Ni kweli nyapara alikusukuma, sivyo?" ni swali baya. "Nini kilitokea?" ni swali jema.

Nne, hakikisha. Jibu moja ni fununu. Nenda kwa wa pili na wa tatu, kila mmoja peke yake. Tazama mashine, soma daftari la zamu, tazama maandishi ya pipa la dawa. Huko Lathrop mazungumzo ndiyo yaliyofungua mlango, lakini vipimo ndivyo vilivyoifunga midomo ya wenye shaka.

Tano, linda siri. Jina la aliyekuambia halitajwi bila idhini yake. Mwanamume aliyekueleza udhaifu wake akisikia watoto wanaucheka mtaani, hakuna atakayekuambia neno tena.

MBELE YA MWAJIRI

Ziko haki zinazotupa nafasi ya kujiandaa. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu katika lugha anayoielewa, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama amtakaye. Nchini Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, ambao kwa kawaida si chini ya saa 48. Tumieni saa hizo kuwauliza mashahidi wenu. Na kama ndani ya kikao jibu geni litatoka, mjumbe aombe mapumziko mafupi azungumze na mwenzake. Kuomba si aibu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika sehemu yetu ya kazi, ni jambo gani ambalo kila mtu hulificha akidhani limempata yeye peke yake?
2. Mahali gani hapa petu mfanyakazi anaweza kuzungumza bila woga? Kama hakuna, tufanye nini?
3. Chukueni zamu wawili wawili. Mmoja aulize habari ya ajali, wa pili atoe jibu la aina ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Wengine watazame na kusahihisha.

Ndugu, mwajiri ana wanasheria, ana madaktari, ana mafaili. Sisi tunacho kile tunachokijua wenyewe kwa miili yetu na kwa macho yetu. Lakini tusipojua kusikilizana, ujuzi huo utabaki umetawanyika, kila mtu na kipande chake, na madhara yataendelea. Mjumbe mwema huuliza, kisha hukubali kujibiwa.

Umoja ni nguvu.