Mtoto Aliyenyamaza Chuoni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada.

Enyi ndugu zangu, wenye watoto na wenye vyuo: nimesomesha Kurani zaidi ya miaka 30, na katika somo hili nataka kusema juu ya mtoto wa namna moja tu, yule aliyekuwa akisoma vizuri kisha akanyamaza. Mtoto mtundu kila mtu humwona. Huyu aliyenyamaza ndiye tumpigaye bure.

Naanza kwa kosa langu mwenyewe. Nalikuwa na mwanafunzi wa miaka 8, mwepesi wa kuhifadhi, akafika Sura ya Abasa mbele ya wenziwe wote. Mara akaanza kusahau. Aya ya jana leo haijui; nikimwita hutazama mkeka. Nikasema huu ni uvivu, nikamchapa. Siku ya pili nikamchapa tena. Siku ya tatu, alipoona mkono wangu wenda penye bakora, alijikojolea mbele ya wenziwe, nao wakamcheka. Jioni nikamwendea babake barazani kumshitakia, naye akaniambia taratibu: “Maalim, tangu tulipomzika mdogo wake, mtoto huyu hali wala halali. Nalidhani wajua.”

Nalijua. Nalikwenda mazikoni, nikasoma khitima, nikala na wali. Lakini haikunipitia moyoni kwamba mtoto naye amefiwa.

Nami nalikuwa nimeisoma hadithi ya Abu Umayr mara nyingi. Huyu alikuwa ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, mtoto mdogo mwenye kijidege cha kuchezea, na kijidege kile kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akiingia nyumbani kwao humwita kwa kunia yake kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari ya kijidege chake. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, alitunga kitabu kidogo juu ya hadithi hii peke yake, akatoa humo faida 60. Mimi sikuitumia hata moja: kumwuliza mtoto yaliyompata.

Atasema msemaji: Je, haikuja amri ya kumpiga mtoto wa miaka 10 aachapo sala? Imekuja. Lakini tazama waliyoyasema mafakihi wetu juu ya kipigo. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu tukisomeshacho pwani hii yote, amemtaja mwalimu pamoja na walii na mume: akitia adabu pakatokea madhara, ni juu yake dhamana. Yaani ruhusa ya kutia adabu haikumwondolea deni la alichokiharibu. Na Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, amesema neno kubwa zaidi: mtoto asiyetengenea illa kwa kipigo kikali, hafai kupigwa kipigo kikali wala chepesi. Kwani kupiga asili yake ni madhara, nako kuliruhusiwa kwa ajili ya faida. Faida isipopatikana, ruhusa nayo imekwenda. Sizungumzi hapa kanuni za serikali, ingawa Kenya ilikwisha kataza fimbo katika skuli mwaka 2001. Nasema fikihi yetu wenyewe, ambayo twaisoma kwa ibara na kuiacha mlangoni mwa chuo.

Ghazali katika Ihyaa amehimiza mtoto aachwe kucheza atokapo chuoni, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuzima akili yake. Na Ibn Khaldun katika Mukadima ameeleza kwamba ukali huwadhuru wanafunzi, khasa wadogo: huwaondolea uchangamfu, na kuwafunza uwongo na hila. Matabibu wa leo wasema karibu na hayo. Mtoto akiwa katika khofu, akili yake yote imeshughulika na jambo la kumkhofisha. Aya haipati mahali pa kukaa. Kwa hiyo kumchapa aliyesahau kwa khofu ni kumwongezea maji aliyezama.

Basi baba amjue mwanawe. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaregea kukojoa, au kila asubuhi tumbo lamwuma na siku ya mapumziko halimwumi, au amewakimbia wenziwe, au amekuwa mkali kwa dada zake bila sababu, huyo ana jambo. Mwulize mkiwa wawili, si mbele ya wageni barazani, tena usimkatize. Huenda kuna mkubwa anayemtisha njiani, au amfanyiaye jambo baya. Mtoto ambaye hupigwa akisema hatasema. Huenda hasikii vizuri, au haoni herufi za ubaoni, na haya yapimwa hospitali. Na wengine wamechoka tu: skuli asubuhi, chuo alasiri, masomo ya kulipia usiku, na alfajiri waamshwa. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji kulala muda wa saa 9 mpaka 12 kila siku. Wangapi kwetu wapata muda huo?

Wako wakimbiliao kusema mtoto ana shetani. Kumsomea ni jambo jema, nami huwasomea. Lakini kumpiga ili shetani atoke, au kumfungia chumbani, ni dhuluma; na huzuni ikidumu majuma mengi, apelekwe kwa tabibu wa mambo ya nafsi, kama tupelekavyo mwenye homa.

Ama yule mtoto wangu, nalimwomba radhi mbele ya wale waliomcheka. Watu wazima wengine waliniambia nimejivunjia heshima, na watoto hawataniogopa tena. Nikamweka karibu nami, hamwambii mtu asome, asikilize tu. Siku moja aliniuliza kama mdogo wake huko aliko ana wa kucheza naye. Nikamwambia kwamba watoto waliokufa wadogo wako na Nabii Ibrahimu, amani imshukie, kama ilivyokuja katika hadithi ya ndoto ya Mtume. Akauliza kama wako wengi. Nikamwambia ni wengi mno.

Juma lile alisoma Sura ya Abasa mpaka mwisho, kwa sauti ndogo. Wallahu aalam.