Somo la 6: Nafsi Hai

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:7, Zab. 146:3, 4, Mhu. 9:5, 6, Isa. 49:14–16, Marko 14:32–36, Yohana 11:11–44, Mdo 17:16–34, 1 Kor. 15:12–23.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 2:7. Liandike kwa mkono wako kutoka katika Biblia, kisha lirudie kila asubuhi juma hili.

Daudi alitazama mbingu usiku akauliza mtu ni kitu gani hata Mungu amkumbuke (Zab. 8:3, 4). Wanafalsafa wa nchi za Magharibi wameuliza swali linalofanana na hilo kwa zaidi ya miaka 2,400, na majibu yao hayakubaki vitabuni. Yameingia mashuleni, makanisani, na hata kwenye matanga. Mtu anaposimama kando ya jeneza na kusema kwamba marehemu hayumo humo, kilichomo ni ganda tu, anasema jambo lililosemwa Athene karne nne kabla ya Kristo.

Juma hili somo linapima majibu machache ya wanafalsafa hao kwa Maandiko. Kinachopimwa ni kikubwa: tumaini la mfiwa, heshima ya mwili, na thamani ya mtu asiyeweza tena kujikumbuka.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Jioni Moja Gerezani

Mwaka 399 KK mahakama ya Athene ilimhukumu Socrates kifo. Mwanafunzi wake, Plato, alisimulia saa zake za mwisho katika kitabu kiitwacho Phaedo. Humo Socrates anawaeleza rafiki zake kwamba nafsi haifi, na kwamba mwili ni kama kifungo chake. Mpenda hekima hujizoeza kufa maisha yake yote, kwa kuwa kila siku hujitahidi kuitenga nafsi na tamaa na usumbufu wa mwili. Rafiki yake Crito alipomwuliza wamzike vipi, alijibu kwamba wazike wapendavyo, ila wasidhani kuwa wanayemzika ni Socrates. Kisha akanywa sumu kwa utulivu.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, hakukubaliana na mwalimu wake katika jambo hili. Kwake nafsi na mwili vinahusiana kama kuona na jicho. Jicho lisiloweza kuona ni jicho kwa jina tu, wala kuona hakuwezi kubaki peke yake baada ya jicho kuharibika. Hata hivyo aliacha mlango wazi kuhusu akili, kwamba huenda yenyewe inaweza kutengwa na mwili.

Katika karne za kwanza za Ukristo, wasomi wengi wa kanisa walikuwa wamelelewa katika elimu ya Kiyunani. Augustine wa Hippo, Afrika Kaskazini, alisaidiwa na vitabu vya wafuasi wa Plato alipokuwa akielekea imani. Kwa njia kama hizo fundisho la nafsi isiyokufa lilipata makao ndani ya kanisa.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na 1 Timotheo 6:15, 16. Ni nani pekee aliye na hali ya kutokufa? Mafungu haya yanatofautiana wapi na maneno ya Socrates kwa Crito?

JUMATATU
Mavumbi na Pumzi

Soma Mwanzo 2:7. Mungu alitumia vitu gani viwili, na matokeo yake yalikuwa nini?

Fungu halisemi kwamba mtu alipewa nafsi kama mgeni anayepewa chumba. Linasema kwamba mavumbi yalipopokea pumzi ya uhai, mtu mwenyewe alikuwa nafsi iliyo hai. Neno la Kiebrania hapa ni nefesh. Neno hilohilo linatumika kwa samaki na wanyama katika Mwanzo 1:20, 24, na katika Hesabu 6:6 linatumika kwa maiti. Nabii Ezekieli anafundisha kwamba nafsi inayotenda dhambi ndiyo itakayokufa (Eze. 18:4). Kama nafsi ingekuwa kitu kisichoweza kufa, onyo hilo lisingekuwa na maana.

Kiswahili chenyewe kinatoa msaada hapa. Neno “nafsi” lilitoka katika Kiarabu, lugha ya ukoo mmoja na Kiebrania; nafsi na nefesh ni ndugu. Mwalimu wa sarufi anapofundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, anamaanisha mimi, wewe na yeye. Hasemi juu ya kitu kilichofichwa ndani ya mtu. Anasema juu ya mtu mzima. Na anayesema kwamba mgonjwa amekata roho anaeleza kilichoonekana: pumzi imekoma.

Kandili huangaza kwa mafuta, utambi na moto. Ikizimika, hakuna anayeuliza mwanga umehamia nyumba gani. Vivyo hivyo Mhubiri 12:7 inaeleza kuumbwa kwa mtu kukirudi nyuma: mavumbi yanarudi ardhini, na pumzi inamrudia Mungu aliyeitoa. Zaburi 146:4 inaongeza kwamba siku hiyohiyo mawazo ya mtu hupotea.

Kama mwili ni sehemu ya kuwa kwako mtu, na si vazi tu, hilo linabadili namna gani unavyokula, unavyofanya kazi na unavyopumzika?

JUMANNE
Swali la Binti Mfalme

Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu cha tafakuri zake. Aliamua kutilia shaka kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka: macho, mikono, dunia yote. Akaona kwamba jambo moja linasimama. Anayetia shaka anafikiri, na anayefikiri lazima awepo. Kutokana na hilo alifundisha kwamba mtu hasa ni kitu kinachofikiri, tofauti kabisa na mwili, ambao aliuona kama mtambo.

Mei 1643 Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, alimwandikia barua. Alimwuliza: ikiwa nafsi haina umbo wala uzito, wala haiwezi kugusa kitu, inausukumaje mwili ufanye jambo? Descartes alijibu, lakini Elisabeth hakuridhika. Alimwambia kwamba ni rahisi zaidi kwake kukubali kuwa nafsi ina hali ya mwili kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinaweza kuusukuma mwili. Baadaye Descartes alieleza kwamba nafsi hutenda kazi yake kupitia tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo. Maelezo hayo yalionyesha mahali tu. Swali la “vipi” lilibaki.

Soma 1 Wafalme 19:3–8. Eliya alikuwa amekata tamaa kiasi cha kutaka kufa. Malaika alimhudumia kwa nini kwanza?

Nabii aliyechoka rohoni alipewa usingizi, mkate na maji kabla ya kupewa neno. Mungu aliyemwumba alijua kwamba huzuni ya Eliya na njaa ya Eliya ni za mtu mmoja. Kanisa linalomhubiria mwenye njaa bila kumlisha limemfuata Descartes kuliko malaika yule.

JUMATANO
Asiyekumbuka Jina Lake

Mwingereza John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake kuhusu ufahamu wa mwanadamu, aliuliza ni nini kinachomfanya mtu wa leo kuwa yuleyule wa jana. Alijibu: ni fahamu. Mtu ni yuleyule kwa kadiri fahamu yake inavyofika nyuma na kuyatambua matendo yaliyopita kuwa yake.

Mwaka 1785 Thomas Reid wa Scotland alionyesha ugumu wa jibu hilo. Afisa mmoja alichapwa utotoni kwa kuiba matunda. Alipokuwa kijana aliteka bendera ya adui vitani, akiwa bado anakumbuka viboko vile. Uzeeni akawa jenerali; anakumbuka bendera, lakini viboko amevisahau kabisa. Kwa kipimo cha Locke, jenerali ni mtu yuleyule aliyeteka bendera, na aliyeteka bendera ni yuleyule mtoto, lakini jenerali siye mtoto! Kabla ya hapo, mwaka 1739, David Hume alikuwa amekwenda mbali zaidi. Alisema kwamba kila alipojichungulia ndani hakuiona nafsi, aliona tu hisia na mawazo yanayopita. Mwaka uliofuata alikiri kwamba hakuridhika na maelezo yake mwenyewe.

Hili si fumbo la wasomi tu. Katika nyumba nyingi yupo mama mzee asiyewatambua tena watoto aliowazaa. Je, bado ni yeye?

Soma Isaya 49:14–16. Mungu anajilinganisha na nani, na anasema amefanya nini kwa watu wake?

Nabii anakiri kwamba hata mama mwenye mtoto anyonyaye aweza kusahau. Mungu hasahau, amewachora watu wake katika viganja vyake. Mtu hajishikilii kwa kumbukumbu yake mwenyewe, anashikiliwa na kumbukumbu ya Muumba. Mwizi msalabani aliomba jambo hilohilo: kukumbukwa (Luka 23:42). Ndiyo sababu Yesu aliweza kukiita kifo cha Lazaro usingizi, kisha akamwita kwa jina lake, naye akatoka (Yohana 11:11–44). Siku nne kaburini hazikumfanya kuwa mtu mwingine.

ALHAMISI
Vifo Viwili

Mwaka 1955 mwanatheolojia wa Kilutheri, Oscar Cullmann, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliweka kando kwa kando kifo cha Socrates na kifo cha Yesu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kutokufa kwa nafsi kulikofundishwa na Wayunani na ufufuo unaofundishwa na Agano Jipya ni matumaini mawili tofauti. Wakristo wengi walimpinga vikali.

Soma Marko 14:32–36. Yesu alikabilije kifo chake? Kwa nini hakuwa na utulivu wa Socrates?

Yesu alifadhaika na kuhuzunika sana. Hakuwa mwoga kuliko mwanafalsafa yule. Kwake kifo hakikuwa rafiki anayefungua gereza, kilikuwa adui (1 Kor. 15:26). Alikiingia kikweli, na Baba akamtoa humo kikweli, akiwa na mikono na miguu inayoweza kuguswa (Luka 24:39).

Paulo alipohubiri Athene alikutana na Waepikurio na Wastoiko (Mdo 17:18). Walimsikiliza mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, ndipo wengine wakadhihaki. Hata hivyo Dionisio na Damari waliamini (Mdo 17:32–34). Kwa Wakorintho aliandika kwamba kama wafu hawafufuliwi, waliolala katika Kristo wamepotea (1 Kor. 15:16–18). Kama nafsi zao zingekuwa tayari mbinguni, hoja hiyo isingesimama.

Mfiwa aliaye kaburini hakosi imani. Ni jambo gani katika 1 Wathesalonike 4:13–18 linalompa tumaini bila kumkataza kulia?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Oktoba 1945, jijini Paris, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara uliojulikana sana. Alisema kwamba fundi wa kisu cha kukatia karatasi hujua kwanza kisu ni cha nini, ndipo akitengeneze. Lakini kwa kuwa yeye hakuamini Mungu, aliona kwamba mwanadamu hana fundi. Huwepo kwanza, kisha hujifanya mwenyewe kwa uchaguzi wake. Sartre alikuwa na haki kusisitiza kwamba mtu huwajibika kwa anachochagua, Musa naye aliwaambia Israeli wachague uzima (Kum. 30:19). Lakini aliyeambiwa achague alikuwa tayari amepewa uhai, jina na kusudi. Linganisha na Isaya 64:8 na Zaburi 100:3.

Soma pia sura inayohusu uumbaji katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni maneno gani yanayosemwa misibani mahali unapoishi yanayokubaliana zaidi na Plato kuliko Biblia? Unawezaje kusema kweli pale bila kumwumiza mfiwa?

2. Mshiriki wa kanisa lenu amepoteza kumbukumbu kwa uzee. Kanisa linaweza kufanya nini, kwa vitendo, kuonyesha kwamba yeye bado ni yeye?

3. Wengine huuliza: kama mtu amekoma kabisa, yule atakayefufuliwa atakuwaje yuleyule? Jadilini mkitumia Isaya 49:16 na Yohana 11.

4. Kati ya Socrates, Descartes, Locke na Sartre, ni nani anayesikika zaidi katika mazungumzo ya vijana leo? Kuna ukweli gani katika anayosema, na anapungukiwa wapi?