Kupiga Mpira Unapodunda

Bao la Zidane la mwaka 2002 kule Glasgow lilikuwa voli: mpira haukugusa chini. Nusu-voli hupigwa mpira unapodunda tu, kabla haujapanda.

Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, goti la mguu unaopiga liwe juu yake, kifundo ukikaze. Ukiegemea nyuma, mpira utapaa juu ya mtambaa panya. Anayecheza peku ajihadhari, vidole visije vikapiga ardhi!

Kazi kubwa ni kuusoma mdundo. Pale Tanzanite Kwaraa kuna nyasi. Viwanja vyetu vya vumbi vina vijiwe, mpira hugeuka ghafla. Hapo heri kuutuliza kwanza.

Jifunzeni wawili wawili: mmoja adondoshe mpira kwa mkono, mwenzake apige. Mkizoea, urusheni juu zaidi.