Mlango wa Nyuma: Somo kutoka Historia ya Washonaji wa Nguo



Katika ziara ya kutembelea miradi tulifika kwenye kikundi kimoja cha ushonaji cha akina mama. Vyerehani vilikuwa vinafanya kazi na daftari la hesabu lilikuwa safi. Lakini madirisha yote yalikuwa na nondo, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli. Mwenyekiti alitueleza kwamba ni kwa sababu ya wezi. Tukakumbuka kwamba sisi wenyewe, tulipotoa vyerehani hivyo, tuliweka sharti la kulinda mali, wala hatukuandika neno lolote kuhusu usalama wa washonaji. Ndiyo sababu ya somo la toleo hili.

Wasichana wa New York

Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji la New York, Marekani, lilikuwa kitovu cha utengenezaji wa nguo zilizo tayari kuvaliwa. Walioshona walikuwa hasa wahamiaji: Wayahudi waliokimbia umaskini na mateso Ulaya Mashariki, na Waitalia. Wengi walikuwa wasichana, wengine wa miaka 14 tu, na familia nyingi ziliutegemea mshahara wao. Katika viwanda vingine walikatwa fedha za sindano na uzi wanaotumia kazini.

Chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, ILGWU, kilianzishwa mwaka 1900. Viongozi wake walikuwa wanaume, na wengi wao hawakuamini kwamba wasichana wangeweza kusimama pamoja. Tarehe 22 Novemba 1909, katika mkutano mkubwa, baada ya wakubwa kuzungumza kwa muda mrefu, msichana wa miaka 23 aitwaye Clara Lemlich aliomba nafasi. Kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alipendekeza mgomo wa wote. Washonaji wapatao 20,000 waliacha kazi. Walisimama barabarani kwenye baridi, na mamia walikamatwa na polisi. Kufikia Februari 1910 viwanda vingi vilikuwa vimekubali kupunguza saa za kazi na kuongeza mshahara. Kiwanda cha blauzi cha Triangle kilikataa kukitambua chama.

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911

Triangle kilikuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Jioni ile, karibu na saa ya kutoka, moto ulianza kwenye mabaki ya vitambaa ghorofa ya 8. Waliokuwa ghorofa ya 10, wakiwamo wenye kiwanda, walipigiwa simu na wengi wao wakapitia juu ya paa. Ghorofa ya 9 haikupata taarifa. Huko mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, maana ilikuwa desturi wafanyakazi kutoka kwa mlango mmoja tu ili mikoba yao ikaguliwe wasiibe. Ngazi ya chuma ya nje ilivunjika kwa uzito wa watu. Ngazi za kikosi cha zimamoto ziliishia kama ghorofa ya 6. Wengi waliruka madirishani. Walikufa watu 146, kati yao wanawake na wasichana 123.

Jengo lenyewe halikuanguka. Lipo hadi leo, na ni sehemu ya chuo kikuu.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, nao walikuwa wahamiaji waliowahi kuwa maskini. Desemba 1911 mahakama iliwaachia huru, kwa kuwa haikuthibitika kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Mwaka 1913 Blanck alikutwa tena amefunga mlango wa kiwanda wakati wa kazi, akatozwa faini ya dola 20.

Kwa hiyo huruma peke yake haikutosha. Kilichobadili mambo ni sheria na wakaguzi. Jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na katika miaka michache zikapitishwa sheria nyingi kuhusu milango, maji ya kuzimia moto na saa za kazi. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake, alifanya kazi na tume hiyo. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la nchi ile.

Kazi ikahama

Baadaye kazi ya kushona ilihamia nchi zenye mishahara midogo zaidi. Kuanzia mwaka 1974 nchi tajiri zilikubaliana kuweka viwango vya nguo zinazoweza kuingia kutoka kila nchi. Wenye viwanda wakatafuta nchi ambazo viwango vyake havijajaa. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia bila ushuru. Viwanda vikaongezeka Athi River na Nairobi, na wengi walioajiriwa walikuwa wanawake. Januari 2003 maelfu yao waligoma wakidai mishahara na hali bora. Viwango vile vilipofutwa tarehe 1 Januari 2005, baadhi ya viwanda vya Kenya na Lesotho vilifungwa. Aliyeshona vizuri na aliyeshona vibaya walipoteza kazi pamoja.

Na kosa la Triangle lilirudi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Siku moja kabla nyufa zilionekana. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watu wake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Mwezi uliofuata makampuni mengi yanayonunua nguo huko yalitia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi wa kukagua majengo na kuyatangaza matokeo.

Tunajifunza nini?

Tangu waraka wa Papa Leo XIII, Rerum Novarum, wa mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya mshahara wa kumtosha kuishi na haki ya kuungana na wenzake. Historia hii inatuonyesha kwa nini haki hizo mbili huenda pamoja. Msichana wa ghorofa ya 9, akiwa peke yake, asingeweza kumwambia tajiri afungue mlango.

Kwa upande wetu, sharti la msaada wa vyerehani sasa linataja milango miwili isiyofungwa wakati wa kazi. Kikundi kile kimeweka komeo linalofunguka kwa ndani, na vyerehani bado vipo vyote.

Maswali kwa kamati za parokia na wafadhili

1. Katika miradi yetu ya ushonaji, moto ukitokea sasa hivi, washonaji watatokea wapi?
2. Tunapoagiza sare za kwaya au za shule kwa bei ya chini kabisa, nani anailipa tofauti?
3. Je, akina mama wanaoshona wana nafasi ya kusema kwenye kamati, au wanasemewa?
4. Taarifa zetu kwa wafadhili zinahesabu vyerehani. Zinasema nini kuhusu washonaji?