Redio Kuguruma, Dawa ni Kuigeuza

Hapa Kibarani, fundi wa kuchomelea vyuma akianza kazi, redio ya babu inayonasa masafa ya kati huguruma, na taarifa ya habari hatuisikii tena. Nusura tuitupe! Kumbe ndani mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho eriali yenyewe. Ule mlingoti wa kuvuta ni wa FM.

Nguvu ya sumaku ikipita kwa urefu wa kijiti, waya huzaa umeme. Ikikikatiza ubavuni, hauzai kitu. Basi geuza redio polepole mpaka ngurumo ififie. Mara nyingine stesheni nayo hupotea! Kelele ikiwa imeingia kwenye nyaya za nyumba, kugeuza hakutoshi: sogea mbali na ukuta. Babu sasa husikilizia uani.