Kujua Kazi ya Jeni kwa Kuizima

Fundi anayetaka kujua kazi ya kipuri fulani katika mashine aweza kukiondoa, kisha akatazama ni jambo gani litakaloharibika. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa na wataalamu wa elimu ya urithi wanapochunguza jeni. Katika somo hili tutaeleza jinsi jeni moja inavyozimwa katika panya wa maabara, na jinsi jambo hilo linavyobadili mwendo na tabia yake. Tutaonyesha pia kwa nini matokeo yake yapasa kufasiriwa kwa uangalifu.

Jeni huzimwaje?

Jeni ni sehemu ya DNA iliyobeba maagizo ya kutengeneza protini. Mtafiti hutengeneza kipande cha DNA kinachofanana na jeni anayoichunguza, lakini chenye kasoro iliyowekwa makusudi. Kipande hicho huingizwa katika seli shina zilizotolewa kwenye kiinitete cha panya. Katika seli chache mno, kipande hushika mahali pa jeni ya asili. Seli hizo huchaguliwa na kutiwa ndani ya kiinitete kingine kichanga, nacho hupandikizwa katika tumbo la uzazi la panya jike. Watoto wanaozaliwa huwa na mchanganyiko wa seli, na baadhi ya wazao wao hurithi nakala moja iliyozimwa. Wakipandishwa wawili wenye nakala moja moja ya namna hiyo, basi kwa kanuni ya Mendel robo ya watoto wao hutazamiwa kuwa na nakala zote mbili zilizozimwa.

Panya wa kwanza wa aina hii walielezwa mwaka 1989. Mwaka 2007 Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi ulioiwezesha kazi hii.

Panya asiyekwenda

Dopamini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva ubongoni. Ili itengenezwe, huhitajiwa kimeng'enya kiitwacho tairosini haidroksilasi. Kimeng'enya hicho huhitajiwa pia katika kutengeneza noradrenalini, na panya wanaokikosa kabisa wengi wao hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo Qun-Yong Zhou na Richard Palmiter wa Seattle, Marekani, waliizima jeni yake, kisha wakairudisha katika seli za noradrenalini peke yake. Kilichokosekana kikawa dopamini tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Panya hao walizaliwa na kunyonya, lakini baada ya majuma machache walikuwa wakikaa karibu bila kujongea, wakaacha kula na kunywa. Seli zao za neva zilionekana kuwa za kawaida. Walipodungwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini bila kukihitaji kimeng'enya hicho, walitembea na kula. Dawa hiyo ndiyo wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ambao seli zao za dopamini hufa kidogo kidogo.

Panya asiyetulia

Mwaka 1996 Marc Caron na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza jaribio lililo kinyume. Waliizima jeni ya protini inayorudisha dopamini ndani ya seli baada ya ujumbe kufika. Dopamini ilibaki nje ya seli kwa muda uliozidi ule wa kawaida mara 100 au zaidi, na panya wakawa wenye kuhangaika mno. Hata hivyo kokaini, ambayo humfanya panya wa kawaida kukimbia huku na huku, haikuongeza mwendo wao. Ikadhihirika kwamba ni kupitia protini hiyo kokaini huchochea mwendo.

Tahadhari

Je, tumegundua "jeni ya kutembea"? La. Ukiondoa mnyororo, baiskeli haiendi. Lakini hakuna atakayesema kwamba mwendo umo ndani ya mnyororo. Jeni hutoa protini, protini hufanya kazi ndani ya seli, na tabia hutokana na seli nyingi zinazoshirikiana.

Zaidi ya hayo, mwili haukai bure unapopungukiwa. Katika panya wa mwaka 1996, vipokezi vya dopamini vilipungua, kana kwamba ubongo ulijaribu kujirekebisha. Kwa hiyo tunachokiona ni upungufu pamoja na jitihada za mwili za kuufidia. Ndiyo sababu mtafiti mwangalifu hulinganisha panya na ndugu zake wa tumbo moja, hupima kwanza macho na nguvu za misuli, na ikiwezekana hurudisha kilichoondolewa ili aone kama tabia nayo itarudi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Wazazi wenye nakala moja moja iliyozimwa walizaa watoto 80. Wangapi wanatazamiwa kuwa na nakala zote mbili zilizozimwa? Kama hakuna hata mmoja aliyepatikana, wewe ungefikiri nini?

2. Jaribio la levodopa liliongeza uthabiti gani katika hoja ya watafiti wa Seattle?

3. Panya aliyezimwa jeni fulani ameshindwa kuikumbuka njia aliyofundishwa. Taja sababu mbili, zisizokuwa upungufu wa kumbukumbu, zinazoweza kuleta matokeo hayo.